Vibao Kabla ya Daftari

Ndugu wazazi, walimu wenzangu, asanteni kwa kufika.

Kila mwaka, chekechea inapokaribia kufunguliwa, wazazi huniletea madaftari. Ndani yake herufi "a" imejaa ukurasa mzima, na mahali pengine penseli imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. "Mwalimu, mwanangu yuko tayari?" Daftari lile hunionyesha bidii ya mzazi. Kuhusu utayari wa mtoto, halinionyeshi kitu. Mtoto wa miaka minne baadhi ya mifupa ya kifundo cha mkono wake bado ni gegedu laini, haijawa mifupa migumu. Mkono huo unataka kwanza kufinyanga, kukamua, kumimina maji na kupanda. Penseli itafuata.

Ngoja niwaeleze nilichokiona sakafuni. Msichana wa miaka minne alikuwa anajenga daraja kwa vibao. Alisimamisha nguzo mbili, akaweka kibao juu, kikaanguka katikati. Akakigeuza, kikaanguka tena. Akajaribu kuunga viwili, vyote vikaporomoka. Akamwita mwenzake: "Shika hapa, usiachie!" Mwenzake akashika, akachoka, akaachia. Nilikaa kimya, na kukaa kimya pale si kazi ndogo kwa mwalimu. Mwishowe msichana akaacha kuhangaika na kibao, akazisogeza nguzo zikaribiane. Daraja likasimama.

Mtoto yule alikuwa amepima urefu bila rula. Alikuwa ameomba msaada kwa maneno, akavumilia kushindwa mara kadhaa, kisha akabadili njia. Mtoto wa namna hiyo akikutana na neno gumu kitabuni, halitamtoa machozi.

Wazo hili, kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza, si geni. Mwalimu Friedrich Fröbel alifungua kituo chake cha watoto Ujerumani mwaka 1837, na mwaka 1840 akakipa jina lenye maana ya "bustani ya watoto". Hakuanza na ubao wa herufi. Alianza na mipira laini ya sufu, kisha tufe, silinda na mchemraba wa mbao. Serikali ya Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, ilipiga marufuku vituo hivyo mwaka 1851. Yeye akafariki mwaka uliofuata, na marufuku ikaondolewa 1860. Inaniuma kwamba chekechea iliyozaliwa kwa ajili ya mchezo, leo tunaiona ndiyo mahali pa kuukomeshea.

Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, alisema mtoto anapocheza huwa kama amejizidi kimo kwa kichwa kizima. Jaribuni wenyewe. Mwambie mtoto "simama, usitikisike", hafikishi dakika. Mwambie yeye ni askari analinda lango, mtashangaa. Uwezo huo wa kujizuia ndio mwalimu wa chekechea anautamani kuliko alfabeti yote, maana bila huo hakuna anayesubiri zamu wala kusikiliza hadithi hadi mwisho.

Wengine wanaogopa kwamba kucheza ni kuwaachia watoto tu. Hapana. Mwalimu ndiye anayechagua vifaa na kupanga mazingira, tena anajua swali la kuuliza na wakati wa kuliuliza. Na nyumbani pia mna nafasi. Mtoto anaweza kuimba moja hadi ishirini kama wimbo, lakini ukimwagiza vijiko vitano analeta vilivyojaa mkononi, bila kuhesabu. Basi mpe kazi ya kuandaa meza: kila mtu kijiko chake. Pigeni makofi kwa silabi za majina yenu. Sikio linalotenganisha silabi litazitambua sauti za herufi zitakapokuja. Kufunga vifungo vya shati na kutumia choo navyo avizoee mapema, bila kuharakishwa.

Kuna mchezo mmoja nawaomba mwuanze leo jioni. Chezeni shule, mtoto awe mwalimu, wewe mzazi uwe mwanafunzi mgeni. Kaa chini, umsikilize. Mmoja atakupangia foleni, mwingine atakukaripia. Wako akikushika bega na kukuambia, "Usilie, mama atarudi," ujue hilo ndilo linalomsumbua. Usitoke kwenye mchezo kumpa hotuba. Endelea kuwa mwanafunzi, umuulize: "Atarudi saa ngapi, mwalimu? Na mpaka afike, mimi nitacheza na nani?"