Wametudai riba ya pauni 358 kwa makochi: haya ndiyo tuliyowaandikia

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa wote mnaotazama, shikamooni. Leo sitembei mitaani. Nimekaa mezani na hizi karatasi mnazoziona. Ni za shemeji yangu, mke wa kaka, anayefanya kazi ya kutunza wazee hapa Uingereza. Ameniruhusu nizisome mbele yenu. Jina lake na jina la duka nimeyafunika kwa karatasi nyeupe.

Kwanza niwaeleze hii biashara inavyokwenda. Ukiingia duka la fenicha huku, bango linalokupokea mlangoni linasema nunua sasa, lipa baadaye, miezi 12 bila riba. Muuzaji anakukalisha kwenye kochi, anakupa kishikwambi, unajaza anwani na mshahara, unasaini kwa kidole, basi, makochi ni yako. Lakini anayekukopesha si duka. Nyuma ya duka kuna kampuni ya fedha, na mkataba umeingia na hiyo kampuni. Na riba haijafutwa. Inahesabiwa chinichini tangu siku ya kwanza. Ukimaliza deni ndani ya muda, wanaiachilia. Ukipitiliza, wanaileta.

Sasa sikilizeni. Shemeji alisaini mwezi wa 3, makochi ya pauni 1,200. Makochi yenyewe yakaja mwezi wa 5, kwa sababu yanatengenezwa kwa oda. Muuzaji alimwambia dukani, kaka yangu akiwa amesimama pale pale, kwamba miezi 12 inaanza siku mzigo unapofika nyumbani. Shemeji akapanga pauni 100 kila mwezi kuanzia mzigo ulipofika, na hakuruka hata mwezi mmoja. Mwaka ulipozunguka hadi mwezi wa 3, alikuwa ameshalipa 1,000, zimebaki 200. Ndipo ikaja hii barua.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaona huu mstari? Riba, pauni 358 na pensi 80. Chukueni kikokotoo. Riba ya mkopo huu ni asilimia 29.9 kwa mwaka, na asilimia 29.9 ya 1,200 ni 358.80 kamili. Maana yake wamemtoza riba ya mwaka mzima kwa deni lote, pamoja na ile pauni 1,000 ambayo ameshawalipa. Walipopigiwa simu wakajibu kwamba mkataba unahesabu kuanzia siku ya kusaini, muda umekwisha, na mfumo ndivyo ulivyotoa.

Hapa ndipo damu yangu ilipochemka, kwa sababu mfumo hauwezi kuwa juu ya kanuni. Tangu tarehe 12 Novemba 2019, msimamizi wa biashara za fedha hapa, Financial Conduct Authority, amekataza jambo hili waziwazi. Kwenye mikopo ya aina hii kampuni hairuhusiwi kurudi nyuma na kutoza riba kwenye fedha ambazo mteja ameshazirejesha ndani ya kipindi cha ofa. Inaweza kudai riba kwa kile kilichobaki tu. Tena inatakiwa kumkumbusha mteja kabla kipindi hakijaisha. Kwa hesabu hiyo, hata kama tungekubali kila wanachosema kuhusu tarehe, riba ni ya zile pauni 200 zilizobaki: pauni 59 na pensi 80. Tofauti ni pauni 299. Ndugu zangu, hiyo ni kama shilingi milioni moja ya Kitanzania. Shemeji ana mdogo wake Tanga anayemsomesha. Hiyo ni fedha ya ada, inatoka kwenye zamu za usiku za kuwageuza wazee kitandani, na mtu ameichukua kwa mstari mmoja wa karatasi.

Na hata hiyo 59 tunaipinga. Sheria ya Mikopo kwa Walaji ya mwaka 1974, kifungu cha 56, inasema maneno ya muuzaji wakati wa kukuuzia kitu kwa mkopo wa namna hii yanachukuliwa kuwa yamesemwa kwa niaba ya kampuni inayokopesha. Wengi hawalijui hili, na makampuni hayana haraka ya kukukumbusha. Watakwambia: hayo ni ya dukani, sisi hayatuhusu. Yanawahusu.

Basi tukaandika. Simu tuliiacha, kwa sababu simu haina ushahidi mkononi mwako, na kila ukipiga unampata mtu mwingine unayeanza naye upya. Juu kabisa tuliandika neno malalamiko, ili wasije wakasema walidhani ni swali tu. Tukaweka namba ya mkataba, tarehe ya kusaini, tarehe ya mzigo kufika, taarifa ya benki yenye malipo yote kumi, na alichosema muuzaji, nani alikuwepo, siku gani. Hakuna matusi wala hadithi ndefu. Mwisho tukaandika tunachotaka: ondoeni riba, rekebisheni salio, na msipeleke taarifa mbaya kwenye rekodi yake ya mikopo.

Pia tukaomba nakala ya mkataba wenyewe. Kwa sheria hiyo hiyo, kifungu cha 77, unalipa pauni 1 na wanatakiwa kukupatia ndani ya siku 12 za kazi. Usibishane na mkataba ambao huna mbele yako.

Jambo moja nalisisitiza kwa ninyi mlioko huku. Msisimamishe malipo kwa hasira. Najua unavyojisikia ukiona umeibiwa, unataka ufute makato benki siku hiyo hiyo. Ukifanya hivyo wanakuandika kuwa umeshindwa kulipa, na alama hiyo inakaa kwenye rekodi yako miaka 6. Unakwenda kupanga nyumba, inasomwa. Unaomba mkopo wa nyumba, inasomwa. Shemeji alilipa zile 200 za deni lenyewe, akawaandikia kwamba kinachobaki ni riba na riba anaipinga. Aliyeshindwa kabisa kumudu deni, hilo ni suala jingine, na Citizens Advice au StepChange, mashirika ya kuwashauri watu wenye madeni, watakusikiliza bure.

Kampuni inapewa wiki 8 kujibu malalamiko. Hawa walijibu katika wiki za mwisho. Wameondoa zile pauni 299, wameomba radhi kwa mstari mmoja, lakini 59.80 wameing'ang'ania, wakisema hawana kumbukumbu ya mazungumzo ya dukani. Wasingekuwa nayo, muuzaji hakuandika. Sisi tuna mashahidi wawili, na tuna karatasi ya oda ambayo muuzaji mwenyewe amezungushia kwa kalamu tarehe ya mzigo kufika. Hii hapa, mnaiona hiyo duara ya bluu.

Kwa hiyo faili limekwenda Financial Ombudsman Service, chombo cha usuluhishi wa migogoro ya fedha. Ni bure kwa mteja. Msuluhishi akitoa uamuzi wa mwisho na wewe ukaukubali, kampuni inafungwa nao. Unayo miezi 6 kupeleka shauri tangu tarehe ya barua ya mwisho ya kampuni, kwa hiyo bahasha hiyo msiitupe. Na kuna watu watakaokupigia wakisema tutakudaia, utatupa asilimia. Fomu unajaza mwenyewe, kwa simu yako, kwa Kiingereza chako hicho hicho.

Kuna mtu ataniuliza, kwa pauni 59 tu mnahangaika hivyo? Ndiyo. Shemeji hadaiwi. Na watu wetu wengi huku wanalipa kimya, kwa sababu nyumbani tumelelewa kwamba kudaiwa ni aibu, na mtu akija mlangoni na karatasi unatafuta fedha upesi kabla majirani hawajajua. Makampuni hayaijui aibu hiyo, ila yanafaidika nayo.

Ninyi wa nyumbani ambao mna kijana anayekuja huku kusoma au kufanya kazi ya uuguzi, mtumieni video hii kabla hajapanda ndege. Chumba atakachopanga huenda kikawa hakina hata kitanda, na bango litakuwa linamsubiri. Aulize dukani miezi inaanza kuhesabiwa lini, na jibu aliombe kwa barua pepe. Akishasaini kisha akajuta, anazo siku 14 za kujitoa kwenye mkopo, ingawa bei ya makochi itabidi ailipe kwa njia nyingine.

Aliye na barua kama hii afunike majina, aniandikie mstari wa riba, salio na tarehe ya kusaini. Jumapili nitakaa na kikokotoo hapa hapa, tutazipiga hesabu pamoja.