Kubebesha embe ngowe: kikonyo, kisu na kifuko cha barafu

Haya, karibuni tena kitaluni. Leo ni kubebesha embe ngowe, yaani kuunganisha kijiti cha ngowe juu ya mche wa embe la kienyeji. Najua wengi mnaniulizia miche ya embe apple, na ninayo, ile pale nyuma, lakini apple utaipata kwa kila muuza miche Malindi. Ngowe ni embe la wazee wetu huku pwani, Lamu wamelila toka enzi na enzi. Nikiambiwa nichague embe moja tu, ni hili. Litazame: refu, ncha imepinda kama mdomo wa kasuku, na ndani halina nyuzi za kukukwama menoni.

Shina, yaani mche wa chini utakaobeba ngowe, nimeotesha kwa kokwa la embe la kienyeji. Unalisafisha, unapasua lile ganda gumu polepole, unatoa mbegu ya ndani na kuipanda ikiwa bado mbichi, upande uliobinuka uwe juu. Kumwagilia mnajua, sitapoteza bando lenu. Mche ukifika unene wa penseli, tayari.

Sasa kikonyo, kile kijiti cha ngowe tutakachokibebesha juu ya shina. Nimekikata asubuhi hii kwenye mti unaozaa, mti ambao embe lake nimelila mwenyewe. Majani niliyaondoa siku kumi kabla, nikaacha vijiti vyake, vimeshaanguka. Sogeza simu, waone hapa juu. Macho, pale majani mapya yatakapochipua, yamevimba lakini hayajafumuka. Yakifumuka, tafuta kikonyo kingine. Na unene wake ulingane na wa shina.

Kisu kikali, nimekipangusa kwa spiriti. Shina nakata shibiri moja kutoka kwenye udongo, napasua katikati, sentimita tatu au nne kwenda chini. Kikonyo nakichonga pande mbili kiwe kabari. Mkato mmoja mrefu huku, mmoja huku. Usichonge kidogo kidogo kama mtu anayechonga penseli ya mtoto, utaacha mabonde.

Na usiguse palipokatwa! Jasho la kidole, vumbi, vyote vinaingia hapo.

Sikilizeni basi, hapa ndipo miche inapofia. Ganda kwa ganda. Chini ya ganda kuna utando mwembamba wa kijani. Wa kikonyo lazima ukutane na wa shina. Kikonyo kikiwa chembamba, kibandike upande mmoja, usikiweke katikati kwa sababu ya urembo. Ganda kwa ganda, angalau upande mmoja.

Nakiingiza... ngoja. Inua simu. Mnaona mwanga unapita pale? Hiyo nafasi haifai, maji yataingia na kikonyo kitaoza. Natoa, nachonga tena. Subirini... upepo nao umeamua kuja leo. Haya. Sasa hakuna mwanga. Ganda kwa ganda, nimesema mara ngapi?

Funga kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ulalie wa chini yake, maji yateleze. Kaza. Kisha kifuko cha barafu, vile virefu vyembamba vya kuuzia watoto barafu. Kivishe juu, funga chini ya kiungo. Weka kivulini. Halafu usikifungue kuchungulia! Wiki tatu au nne ukiona majani yanachomoza, ndipo ukiondoe. Utepe uache mpaka majani yakomae. Chipukizi likitoka chini ya kiungo, livunje. Hilo ni la kienyeji, litamnyima ngowe chakula.

Shambani acha mita kumi baina ya mti na mti. Mwaka wa kwanza ukitoa maua, yatoe, najua inauma. Kuanzia mwaka wa tatu utaanza kula. Ila ngowe ana tabia yake: mwaka huu anazaa matawi yanakaribia kuvunjika, mwakani anapumzika. Msimu wa mvua kagua madoa meusi kwenye maua na matunda, huo ni ugonjwa wa chule. Pogoa hewa ipite, na yaliyooza usiyaache chini ya mti.

Kuchuma: mabega ya embe yakijaa pale linaposhikwa na kijiti chake, kata na kipande cha kijiti hicho. Lilaze kichwa chini utomvu udondoke, maana ukigusa ganda unaliunguza.

Kula sasa. Kwa achari tumieni embe lolote bichi, lakini ngowe lililoiva kulitia sukari ni kulionea. Weka kivulini mpaka liwe la njano ya karoti, kata mashavu mawili, kijiko. Ndimu kidogo ukipenda. Mke wangu hutia pilipili, hayo ni yake.

Miche ninayo, tumeni ujumbe mseme mingapi na mko wapi. Mkija wenyewe njooni na kreti. Mche uliobebeshwa juzi hausafiri ukining'inia kwenye bodaboda.