Ngolaga na Daftari la Alama

(Mhadhara uliotolewa Upanga, Dar es Salaam, Jumamosi jioni, mbele ya wachezaji chipukizi wa kriketi na wazazi wao)

Ndugu mwenyekiti, wazee wenzangu, kina mama, na ninyi vijana mliojibanza karibu na mlango ili mtoke mapema: wanaostahili shikamoo, shikamooni, wengine, hamjambo.

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nizungumzie historia ya kriketi. Nikakubali. Juzi akapiga tena kuuliza kichwa cha mhadhara, nikamwambia nitasimulia safari ya gari kwenda Milima ya Udzungwa. Akanyamaza. Nadhani alikuwa anapiga hesabu ya umri wangu. Mwenyekiti, tulia, tutafika.

Niwaambie kwanza mimi ni nani katika mchezo huu, maana vijana wananiona kila wikendi chini ya mwembe na daftari wakidhani ni mtu wa kodi. Mimi ni skora, mwandishi wa alama za mechi. Sikuwahi kuwa mchezaji wa maana. Nilizaliwa Ilala, na kriketi yetu ya mtaani ilichezwa kwa upongoo wa kuti la mnazi, wiketi, ile shabaha ya mrushaji nyuma ya mpigaji, ikawa debe la mafuta ya taa. Mpira ukigonga debe, mtaa mzima umesikia. Hakuna wa kubishana na mwamuzi. Jina la kile tulichoshika mkononi mpaka leo hatujalipatia ufumbuzi. Ukisema gongo, watu wanatazama kama polisi yuko karibu. Ukisema bati, fundi anakuuliza la geji ngapi. Sisi tulisema bati, na tukaelewana.

Siku moja nikamfuata kaka yangu mpaka uwanja wenye nyasi, nikakuta mzee wa Kihindi amekaa mezani na penseli nne zilizochongwa. Kila mpira uliporushwa aliandika kitu. Nikamsogelea nichungulie. Ukurasa ulikuwa umejaa nukta. Nikamuuliza, "Babu, mbona unaandika wakati hakuna kilichotokea?" Akanitazama juu ya miwani. "Kimetokea," akasema. "Amerusha, mwenzake amezuia." Akanionyesha: mipira sita ya ova moja, nukta sita, hakuna mkimbio, yaani hakuna pointi, unaziunganisha kwa mstari na inakuwa herufi M. Kama katika hiyo ova mtu ametolewa, unaziunganisha ikawa W. Siku ile nilikuwa na miaka kumi. Sijatoka kwenye ile meza mpaka leo.

Sasa safari. Tulikuwa wanne, wote wastaafu, wote wa kriketi, ndani ya Noah ya mmoja wetu. Tuliondoka saa kumi alfajiri tuwahi kuipita Kimara kabla foleni haijaamka, Chalinze tukanywa chai. Kutoka hapo mpaka Morogoro, milima ya Uluguru ilipoanza kuonekana kushoto, mjadala ulikuwa mmoja tu, ule ule wa miaka yote: mwaka 1975.

Vijana, wangapi mnajua kwamba Afrika Mashariki ilicheza Kombe la Dunia la kwanza kabisa la kriketi? Mikono juu. Watatu. Na mmoja ni mzazi. Basi sikilizeni. Juni 1975, Uingereza, timu nane. Mmojawapo ni sisi: wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia katika timu moja, nahodha Harilal Shah wa Kenya. Ndani yake wamo vijana wawili wazaliwa wa Dar es Salaam hii hii, Praful Mehta na Shiraz Sumar. Mechi zilikuwa za ova 60 kila upande. Ya kwanza tulikutana na New Zealand. Glenn Turner wao akaingia kupiga tangu mpira wa kwanza, ova 60 zikaisha bado yupo, mikimbio 171, hakuna aliyemtoa. Mimi kama skora namhurumia aliyekuwa na penseli siku ile. Ya pili, India, mjini Leeds. Tukatolewa wote kwa 120. India wakaingia watu wawili tu, Gavaskar na Engineer, wakamaliza kazi bila kupoteza wiketi hata moja, yaani hakuna aliyetolewa. Ya tatu tukashindwa na wenyeji kwa mikimbio 196. Tukarudi nyumbani.

Mwenzetu mmoja huwa anasema tusiizungumzie, ni aibu. Nikamwambia pale pale, tukipita Mkambarani: ndugu yangu, ule ulikuwa ushindi wa kwanza wa India katika historia ya Kombe la Dunia. Miaka minane baadaye wakalitwaa kombe lenyewe. Mtu wa kwanza kumfundisha mtoto kutembea ni yule aliyemkubali amwangukie. Angalau barua ya asante tungeletewa! (Kicheko.)

Tukapita Morogoro, tukaingia kwenye ile barabara kuu inayokata katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 za kwenda taratibu. Twiga wawili walisimama kando ya barabara, mmoja mbele, mwingine nyuma kidogo pembeni, na gari zima tukasema kwa pamoja: silipu ya kwanza na ya pili, wale wadakaji wanaosimama nyuma ya mpigaji, pembeni kidogo. Huo ndio ugonjwa wetu. Mikumi mjini unaiacha lami ya Iringa, unakata kushoto. Mbele ni Kidatu, daraja la Ruaha Mkuu, kisha mashamba ya miwa upande wa kushoto yasiyo na mwisho. Na kulia kwako, ghafla, ukuta. Sina neno lingine. Bonde liko chini kabisa, pale pale mlima unasimama, kijani kibichi, mawingu yamekaa kichwani. Udzungwa inaanzia kama mita 250 juu ya bahari na kilele chake, Luhombero, kinapita mita 2,500.

Na hapa ndipo wenzangu walipogundua kwamba sikuwaambia ukweli wote. Tuliita safari ya gari, lakini Udzungwa ni hifadhi ambayo ndani yake hakuna barabara. Kilomita za mraba 1,990, na zote ni za miguu. Unaipita Sanje kijijini, unafika Mang'ula makao makuu ya hifadhi, unalipia, unapewa mwongozaji, unarudi Sanje, unaliacha gari. Mwenye Noah alitazama mlima, akatazama magoti yake, akanitazama mimi. Maneno aliyosema siwezi kuyarudia mbele ya watoto.

Tulipanda kuelekea maporomoko ya Sanje, yenye kushuka kama mita 170 kwa hatua tatu. Kuhusu maporomoko nitasema kidogo tu: yapo, ni mazuri, maji ni ya baridi, nendeni. Kilichonipeleka kule ni kitu kingine.

Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu huo huo wa Mwanihana, juu ya Sanje, wakichunguza wanyama. Wakasikia mlio wasioutarajia.  Mwenyeji waliyekuwa naye hakushangaa hata kidogo. Huyo ni ngolaga, akawaambia. Ndivyo ulimwengu wa sayansi ulivyompata kima anayeitwa sasa mangabei wa Sanje, asiyepatikana porini popote duniani isipokuwa milima hiyo. Vitabu vinaandika kwamba "aligunduliwa" 1979. Wasanje walikuwa na jina lake tangu mababu.

Na si yeye peke yake. Mwaka 1991, milima hiyo hiyo, watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini, wakatazama ndani ya chungu cha chakula wakaona miguu ya ndege wasiyoitambua. Ni kwale wa Udzungwa, jamii mpya kabisa kwa sayansi. Yaani wakati maprofesa hawajui kwamba yupo, mpishi alikwisha mtia chumvi.

Sasa mwenyekiti, tumefika. Kila mara naulizwa, "Mzee, hivi Tanzania kuna kriketi?" Anayeuliza ni mtu wa Dar es Salaam, anapita na daladala kando ya uwanja wa Gymkhana, anaona watu wamevaa nyeupe, na bado anauliza. Nilikuwa nakasirika. Baada ya Sanje sikasiriki tena. Namjibu: ipo, ila wewe hujasikia mlio wake. Tumekuwa mwanachama wa baraza la kriketi la dunia kwa jina letu wenyewe tangu 2001. Mwaka 2019, Kigali, dada zetu waliwashinda Mali kwa mikimbio 268, na Fatuma Kibasu peke yake akapiga 108 bila kutolewa. (Watoto wa Mali nao nawapa heshima yao, walikuwa wageni kabisa katika mchezo, lakini walivaa, wakaingia, wakacheza mpaka mwisho.) Na mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Ilala nzima siku ile ilikuwa inabishana Simba na Yanga. Mimi nilichinja kuku.

Kosa jingine ni letu sisi wenyewe. Tumeufanya mchezo huu kama siri ya ukoo: lugha yake hatuitafsiri, meza ya skora hatumkaribishi mtoto. Mimi kama yule mzee mwenye penseli nne angenifukuza, leo ningekuwa nabishana Simba na Yanga. Wazazi, mtoto akichungulia daftari langu, msimvute shati. Mwacheni aulize kuhusu nukta.

Nimalizie yaliyotupata mlimani, maana mwongozaji wetu nilimwahidi nitayasimulia. Mbega wekundu wa Iringa tuliwaona, wengi, wakiruka juu ya vichwa vyetu kama wanatucheka magoti. Vipepeo, wengi. Ngolaga, hakuna. Saa nzima kijana yule anatembea mbele, anasimama, anasikiliza, anaendelea. Mimi nyuma yake nina daftari langu dogo la alama, kwa sababu siendi popote bila hilo, na kila aliposimama bila kitu niliandika nukta.

Tulipokaribia kijito, akasimama ghafla, akanyoosha mkono mmoja juu ya kichwa, kiganja wazi, kutuambia tunyamaze. Kutoka bonde la pili ukaja mlio, mrefu, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, kisha ukavunjika ukawa kama kugugumia. Mara moja tu.

Wachezaji mnaujua ule mkono. Mwamuzi akinyoosha mkono mmoja juu, kiganja wazi, maana yake ni bai: mkimbio umepatikana, lakini mpira haukugusa bati wala mwili wa mpigaji. Na mwamuzi haruhusu mchezo uendelee mpaka skora naye anyooshe mkono wake kumjibu kwamba ameona. Nilinyoosha. Miaka yote hii, mkono ulikwenda wenyewe. Yule kijana akageuka akanikuta nimesimama katikati ya msitu, mkono juu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, umemwona?"

Nikamwambia sijamwona. Nikafungua daftari, nikashuka mpaka safu ya ziada, nikaandika: ngolaga, bai, 1.