Meno Mazima, Ini Lisilostahimili Sukari

Ndugu wanafunzi, mkimkuta mtu mzima asiye na jino hata moja lililotoboka, mtamsifia mswaki wake. Leo nawaomba mumwulize pia kama anakula vitu vitamu. Akikunja uso, akasema tangu utotoni tunda au soda humtapisha, msimwache aende hivi hivi.

Huenda amerithi kasoro ya kimeng'enya cha ini kiitwacho aldolezi B: nakala moja ya jeni kwa baba, nyingine kwa mama, na wazazi wenyewe ni wazima. Madaktari wa Zurich, akiwemo Froesch, waliueleza ugonjwa huu mwaka 1957. Kimeng'enya hicho kisipofanya kazi, fruktozi, yaani sukari ya matunda na asali, hukwama ndani ya ini, ikanasa fosfati, na ini likashindwa kutoa glukozi, sukari inayoupa mwili nguvu. Maziwa ya mama hayana fruktozi, kwa hiyo mtoto anayenyonya tu hana tabu. Balaa huanza akionjeshwa juisi au uji wa sukari, maana nusu ya sukari ya mezani ni fruktozi: anatapika, anatokwa jasho, analegea, ikiendelea, ini huvimba na macho huwa manjano. Wengi hujifunza wenyewe kukataa utamu, na nyumbani huambiwa wanadeka.

Sasa tazameni meno yao. Wanakula wali, viazi na mkate kama sisi. Hata hivyo, watafiti waliowapima Uswisi na Marekani walikuta meno yao yameoza kidogo mno, mengine hayajaoza kabisa. Kwangu mimi huu ni ushahidi mzito kuliko mabango yote ya kliniki: wanga wanao, wanachokosa ni ile sukari ambayo bakteria wa mdomoni huigeuza kuwa asidi na utando unaonata.

Lakini dawa nyingi za meno za kupigia mswaki zina sobitoli, kitia utamu ambacho mwilini hugeuka fruktozi, ileile inayowadhuru watu hawa. Mtu mzima hutema. Mtoto mdogo humeza. Sobitoli imo pia kwenye chingamu nyingi zisizo na sukari na kwenye dawa za maji za watoto. Kwenye lebo huandikwa pia E420. Mgonjwa wa namna hii mtafutieni dawa ya meno isiyo nayo, ila floridi iwemo, na kabla ya kumwandikia antibayotiki ya maji muulizeni mfamasia imetiwa utamu kwa kitu gani.

Na mkimshuku mtu, msimpe kitu kitamu ili mwone kitakachotokea. Mpelekeni kwa daktari. Siku hizi huchukuliwa damu na kupimwa jeni.