Mfupa Uliovunjika kwa Kujikwaa: Nani Yumo Hatarini?

Mama zangu, baba zangu, tuanze na kipimo kisichohitaji mashine. Mtu mzima akijikwaa mlangoni, hakuanguka kutoka mnazini wala hakugongwa na bodaboda, na mkono ukavunjika kwenye kifundo, huenda mfupa huo ulikuwa umeshachoka, dalili ya osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika. Kumfunga plasta na kumwambia "pole, uzee huo" ni nusu ya matibabu.

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Hadi kukaribia miaka 30 ujenzi hushinda, kisha ubomoaji huanza kutangulia. Kwa mwanamke breki ya ubomoaji ni homoni ya estrojeni. Hedhi ikikoma, breki hulegea, na katika miaka mitano hadi saba ya kwanza anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake. Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45, au aliyetolewa ovari zote mbili, huanza safari hiyo mapema. Wembamba wa kupindukia, sigara, pombe nyingi ya kila siku na mzazi aliyewahi kuvunjika nyonga huongeza hatari, kwa wanaume pia.

Lakini lisilosemwa vya kutosha ni dawa. Prednisoloni, dawa ya steroidi, ya miligramu 5 au zaidi kila siku kwa miezi mitatu hudhoofisha mfupa wa kijana na wa mzee. Mwenye pumu au lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) anayeitumia asiiache ghafla, mwili unaweza kuzimia. Aulizie kinga ya mifupa. Na vile vidonge vya kunenepesha mnavyouziwa bila cheti? Vingine ni deksamethasoni, ndugu yake prednisoloni, tena mwenye nguvu zaidi.

Pingili za mgongo hukandamizika kimyakimya. Ukiwa umepungua sentimita 4 tangu ujana, omba picha ya eksirei. Kipimo cha DEXA, eksirei ya kupima uimara wa mfupa, kikisoma alama T (mfupa wako ukilinganishwa na wa kijana mwenye afya) ya -2.5 au chini yake, huo ndio ugonjwa wenyewe.

Kwenye chakula, dagaa waliwe na mifupa yao, wapate kukupa kalsiamu, madini ya kujenga mfupa. Mchicha una kalsiamu, ila una asidi inayoifunga isifyonzwe. Sukuma wiki ni bora.

Ukiandikiwa alendroneti, dawa ya kuzuia ubomoaji wa mfupa, ya miligramu 70, ni mara moja kwa wiki: asubuhi kabla ya chai, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha usilale wala kula kwa nusu saa. Ikikwama huchoma umio, na maziwa huizuia kufyonzwa. Asiyeweza kukaa wima nusu saa aseme mapema, zipo za sindano.