Mwacheni Mwanagenzi Ashike Spana

Ndugu mafundi, wasimamizi na wenye kampuni, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nitaanza na gesi. Fundi wa viyoyozi aliyejifunza kazi enzi za R-22, gesi ya kupoozea ndani ya kiyoyozi, alijifunza vizuri, wala simlaumu. Lakini Itifaki ya Montreal ya 1987, yaani mapatano ya kimataifa, ilifungua njia ya kuiondoa gesi hiyo, kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Ikaja R-410A, ambayo presha yake inaizidi R-22 kwa karibu asilimia 60, na mafuta ya kompresa yake, yaani pampu inayoisukuma gesi, hunyonya unyevu upesi. Ukiacha bomba wazi huku unatafuta spana, umeshaanza kuharibu. Siku hizi tunazo R-32, inayoweza kushika moto, na R-290, ambayo ni propani yenyewe. Mazoea yaliyomlisha fundi miaka ishirini yanaweza leo kumuunguza. Cheti chake hakisemi uongo, ila kinaeleza alichokijua siku alipokabidhiwa.

Kampuni nyingi hujibu hali hii kwa kuwaita watu ukumbini kwa semina. Picha ukutani, sahihi kwenye daftari, basi. Nimekaa humo. Tulisomewa kanuni ya kupima umeme kabla ya kugusa: jaribu testa mahali penye umeme unaoujua, pima unapotaka kufanyia kazi, kisha rudi ujaribu testa tena. Wote tukaitikia. Haikupita wiki, mwenzangu akapima waya, taa ya testa haikuwaka, akanyoosha mkono. Testa ilikuwa imekufa. Waya ulikuwa hai. Nilimvuta shati. Kanuni aliijua, angeweza hata kuikariri. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kumsimamia akiifanya kwa mikono yake.

Mwaka 1940 Marekani ilikuwa na viwanda vilivyojaa watu wageni wa kazi, ikaanzisha mpango wa kuwafundisha wasimamizi namna ya kufundisha. Hatua zilikuwa nne: mwandae mtu, mwonyeshe, mwache afanye, mfuatilie. Sisi tunakwama kwenye ya pili. Mteja anasubiri, mwanagenzi anasitasita, fundi mkuu anamnyang'anya spana na kumaliza mwenyewe. Hapo ndipo somo linapokatika! Hatua ya tatu inataka mwanagenzi afanye huku akieleza kwa sauti kwa nini anafanya hivyo, na fundi mkuu anyamaze. Kunyamaza huko ni kazi ngumu kuliko kubadilisha kompresa.

Wenye kampuni, hili linawahusu. Fundi anayelipwa kwa idadi ya kazi hataki mtu wa kumchelewesha, na anayeogopa kuachishwa akishamfundisha kijana ataficha ujuzi wake. Ningefanya hivyohivyo. Mlipeni kwa saa za kufundisha, mwambieni waziwazi kwamba nafasi yake ipo, na mnapompangia mteja muda, hesabuni watu wawili wanaokwenda polepole. Nusu saa kila wiki penye mashine ina faida kuliko siku nzima ukumbini mara moja kwa mwaka.

Hapa mezani pana testa tatu, na moja ni mbovu. Mafundi wakuu, simameni nyuma ya vijana wenu, mikono mgongoni. Kijana wa kwanza, karibu. Tueleze unaanzia wapi, na kwa nini.