Si Kila Kijani ni Msitu: Kuisoma Kilimanjaro Kutoka Angani
(Mhadhara uliotolewa Moshi)

Wazee wangu, shikamooni. Walimu na wanafunzi, habari za asubuhi.

Picha hii iliyo ukutani imepigwa na setilaiti ya Sentinel-2. Kila pikseli, yaani kila kinukta, inabeba mraba wa ardhi wa mita 10 kwa 10. Mgomba, paa na kijia cha kwenda mferejini vikiwa ndani ya mraba huo, vyote vinapewa rangi moja.

Tazameni ukanda huu wa kijani kutoka Machame, Kibosho na Uru hadi Marangu. Mgeni atasema ni msitu. Kompyuta ikiachwa peke yake, mara nyingi nayo itasema hivyo. Ninyi mnajua ni vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba: juu miringaringa na migrevilea, chini yake migomba, chini zaidi kahawa na magimbi. Setilaiti inaona vilele vya miti tu. Jambo hili linaniuma, kwa sababu ramani ikikosea hapa, ardhi ambayo babu amemwachia mjukuu inaandikwa kwamba haina mtu.

Tunavitofautishaje? Rangi pekee haitoshi. Angalieni mpangilio. Kwenye vihamba kuna vidoa vyeupe vya mabati kila mahali, na njia zinashuka kwa kufuata matuta kati ya mito. Juu zaidi vidoa vinakoma ghafla kwenye mpaka wa hifadhi. Mahali penye utata tunatafuta picha za ndege au droni. Hizo hupigwa zikipandana kwa takriban asilimia 60 au zaidi, ili kila mti uonekane kutoka pembe mbili, na hapo tunaweza kupima urefu wake.

Tushuke Mabogini, kwenye mpunga. Jani lenye afya hurudisha kwa wingi mionzi ya infraredi ambayo macho yetu hayaioni, na maji huimeza. Tukiipa mionzi hiyo rangi nyekundu, jaruba lililojazwa maji linatokea jeusi, mpunga ukistawi linakuwa jekundu sana, na baada ya mavuno linapauka. Mwenye picha moja tu anaweza kuandika bwawa, au shamba, au ardhi tupu, na zote tatu zisiwe sahihi. Anahitaji mfululizo wa picha za msimu mzima. Bahati nzuri setilaiti za Landsat zinapiga picha za dunia tangu 1972, na tangu 2008 hazina yake yote ni ya bure.

Kuhusu vivuli: setilaiti hizi hupita kwetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kwa hiyo kivuli huangukia upande wa magharibi. Makorongo yenye kina huwa meusi kama maji. Desemba na Januari jua linapotokea kusini-mashariki, jicho huweza kuona bonde kama tuta. Igeuzeni picha juu chini, itakaa sawa.

Sasa Kibo, kilele cha mlima wetu. Wingu ni jeupe na theluji ni nyeupe. Tumieni infraredi ya mawimbi mafupi: humo theluji na barafu huwa nyeusi, ilhali mawingu mengi hubaki meupe. Lakini hata mkishaliondoa wingu, bado theluji iliyoanguka jana inafanana na barafu ya miaka mingi. Anayepima barafu ya mlima huu huchagua picha ya kiangazi, theluji ya msimu ikiwa imekwisha kuyeyuka. Asipofanya hivyo, atatangaza kwamba barafu imeongezeka! Vipimo vilivyotokana na kazi ya Wajerumani Eduard Oehler na Fritz Klute, waliopiga picha za upimaji wakiwa mlimani mwaka 1912, vinaonyesha barafu ya takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Mabadiliko makubwa namna hiyo hayastahili kupimwa kwa picha iliyookotwa ovyo.

Mchana huu vikundi vitapanda Uru na nakala za picha hii. Kila kundi lina vinukta vilivyozungushiwa duara, ambavyo kompyuta imeviita msitu. Mkifika, pigeni hodi kwanza. Mwulizeni mwenye kihamba amepanda nini, tangu lini, na mpaka wake unaishia kwenye sale lipi, yaani mmea wa kuonyesha mpaka. Majibu yake ndiyo mtakayoyaandika pembeni ya ramani.